Gari la zamani linavuja oili juu hadi chini: nianze na gasketi ipi hapa nyumbani?

Dereva_wa_97:

Wakuu, habari za humu.

Nina gari la mwaka 1997, injini ya petroli ya lita 1.6, silinda 4, kamshafti mbili juu, bloku ya chuma, hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, bado la distributa (kile kigawa moto wa plagi). Gia za mkono. Limeshapita kilomita 280,000. Nguvu linayo, asubuhi linawaka mara moja, na nyuma halitoi moshi wa bluu. Ila oili, jamani! Likilala mahali, kesho yake pana doa, tena usawa wa pale injini inapokutana na gia boksi. Nikipanda mlima kisha nikasimama, harufu ya oili inayoungua inaingia ndani, na nikifungua boneti naona moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi. Wiki hii limeanza kumisi (kurukaruka moto) likiwa kwenye sailensa, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta. Nikachomoa waya wa plagi ya tatu, kofia yake ikatoka imelowa oili hadi katikati.

Nimeuliza watu wawili. Mmoja alipiga tochi chini mara moja tu, akasema ni oili sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini), gia boksi ishushwe. Wa pili anasema gari la umri huu halitibiwi kipande kipande: nilete seti nzima ya gasketi, injini ifumuliwe, na hedi ing'olewe "tukiwa humo humo". Seti anayoitaka ina kila kitu, kuanzia gasketi ya hedi, ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), za manifoldi, ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), hadi sili za kamshafti na za krenki.

Mimi si fundi wa kusomea, lakini spana si ngeni mkononi mwangu. Breki nabadili mwenyewe, plagi, oili, belti ya alteneta. Nina soketi, racheti, jeki na stendi mbili. Swali langu ni kipi kati ya hivi naweza kukifanya mwenyewe, na nianzie wapi. Halafu hii silikoni ya tyubu, kuna jirani ananiambia niipake kwa nje tu pale panapovuja, biashara iishe. Kuna ukweli?

Pita_Njia:

Mkuu, kaza nati za tapeti kava kwanza, nyingi zinazovuja ni nati tu zimelegea. Ikishindikana mwaga ile dawa ya kuzuia kuvuja kwenye oili, endelea na maisha.

Namba_Kumi:

Dereva, hiyo seti usiinunue bado.

Doa upande wa gia boksi, moshi kwenye ekzosi, oili ndani ya tundu la plagi: hilo gari linakueleza jambo moja kwa midomo mitatu. Yote matatu yanaweza kutoka juu, kwenye tapeti kava. Oili ikipenya kwenye kona ya kava inateremka na ukuta wa hedi, inafuata kiungo cha bloku na gia boksi, inadondokea chini kabisa. Aliyelala chini ya gari na tochi anaona tone la mwisho, anatamka sili ya krenki. Na gari likitembea, upepo unaisukuma oili nyuma zaidi. Ndiyo maana mimi natafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, halafu ya mbele kabisa. Chini kutiririke kunavyotaka, naanzia huko juu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Injini ikiwa baridi, vika distributa, alteneta na mdomo wa hewa mifuko ya plastiki, piga dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha iache, maji yataingia kwenye soketi za umeme na utatafuta ugonjwa mwingine. Ikikauka endesha kama kawaida, kisha rudi na tochi na kioo kidogo cha mkononi, maana nyuma ya hedi jicho halifiki. Usipoona kitu, nyunyiza poda kwenye sehemu kavu unazozishuku, acha injini iungurume kidogo. Oili ikipita inachora mstari mweusi kwenye ule weupe, na mstari una mwanzo.

Kwenye injini za aina yako washukiwa wa juu ni wachache. Kwanza kava yenyewe. Pili oringi ya distributa, ambayo mara nyingi inakaa mwisho wa hedi juu kabisa ya gia boksi, yaani pale pale doa lako linapoanzia safari. Hii ni pete moja ya mpira, na imewahi kushusha gia boksi nyingi bila sababu. Ukifika kwake, chora alama kwenye mwili wa distributa na kwenye hedi kabla hujalegeza boliti, na kariri rota inatazama wapi, ili irudi pale pale ilipotoka. Ikihama, moto wa plagi unahama nayo. Tatu swichi ya presha ya oili: ikichoka inalowa kwenye plagi yake ya umeme. Hizo zote tatu zinafikiwa bila kushusha kitu.

Sasa kuna jambo ambalo hao wawili hawakulitaja, na bila hilo gasketi mpya utaibadili tena mapema. Gasi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni kila injini inapowaka, hilo ni la kawaida hata kwa injini mpya, na gasi hiyo inapumulia kwenye valvu ya PCV, ile ndogo iliyochomekwa kwenye kava ikiwa na mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ikiziba masizi, presha inapanda ndani na kutafuta pa kutokea, nayo inatokea kwenye gasketi dhaifu kuliko zote. Ichomoe, itikise sikioni. Ikigonga kwa ndani inacheza, ikiwa kimya imeganda. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, mimi naibadili tu hata ikigonga, na mpira wake naukagua kama umepasuka au umelainika.

Baada ya hapo washa, acha sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na weka karatasi nyepesi juu ya mdomo. Ikivutwa kidogo, upumuaji ni mzima. Ikirushwa juu, kuna presha. Kama PCV ni mpya, mpira wake ni safi, na karatasi bado inarushwa, basi tatizo ni ringi, na hapo gasketi itakupa nafuu ya muda tu. Wewe hutoi moshi wa bluu, kwa hiyo sidhani.

Haya, tuje kwenye kava. Injini iwe baridi kabisa, si vuguvugu, aluminiamu ya moto ikifunguliwa inapinda. Toa waya hasi wa betri. Waya za plagi zipe namba kwa karatasi ya gundi. Kabla hujagusa plagi, kausha yale matundu: zungushia kitambaa kwenye bisibisi ndefu uzamishe, rudia hadi kitoke kikavu, la sivyo ukichomoa plagi hiyo oili yote inashuka kwenye silinda. Oili kwenye tundu la plagi maana yake sili za mirija ya plagi zimekufa. Zinakaa kwenye kava, zinauzwa pamoja na gasketi au peke yake, na hakuna sababu ya kufungua kava halafu uziache za zamani. Angalia pia vile viraba vilivyo chini ya nati za kava, navyo vinabadilishwa.

Kava ikigoma kutoka, igonge pembeni kwa nyundo ya raba. Usiingize bisibisi katikati ukakwanyua. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni mfereji wa oili, na gasketi haiuzibi.

Utakuta gasketi ya zamani imeshageuka plastiki, inakatika vipande ukiikunja. Hivyo, ndugu yangu Pita_Njia, hata uikaze vipi haifinyiki tena. Unachofanikiwa ni kupinda kava au kukata uzi wa stadi (ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati). Nati zikiwa zimelegea kweli, sawa, zirudishe kwenye kipimo chake, lakini si zaidi.

Hapa ndipo nataka utulie, maana kazi ya gasketi ni usafi, kufunga ni dakika chache tu. Ziba matundu ya kurudishia oili kwenye hedi kwa vitambaa, na vihesabu, ili vitoke vyote. Kwangua kwa kikwaruzio cha plastiki au cha mbao ngumu. Msasa hapana, na zile brashi za kuzunguka za kufunga kwenye drili hapana kabisa. Zinakula aluminiamu, na vumbi lake likiingia kwenye oili linakwenda moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Gasketi iliyong'ang'ania iloweshe dawa, subiri, rudi. Kwenye ule mfereji wa kava ambamo gasketi inakaa pitisha kijiti kona zote, kuna masizi magumu yanakaa chini kabisa na kuinua gasketi mpya upande mmoja. Mwisho futa nyuso zote mbili kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Gusa kwa kidole: ukisikia utelezi, bado.

Silikoni. Jirani mwambie ahsante. Kwa nje haishiki, kwa sababu haigandi juu ya oili, na ikiganda presha inatoka ndani inaibandua. Kazi yake ni kwenye kona tu, pale kofia ya beringi ya kwanza ya kamshafti inapokutana na hedi, na pale penye kile kiplagi cha nusu mwezi kama injini yako inacho. Hizo ni sehemu ambazo nyuso mbili zinakutana na gasketi inapanda ngazi. Tone la ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti linatosha kila kona. Kwingine gasketi ya raba inakaa kavu. Anayezungushia silikoni kava nzima hajui kwamba inayobaki nje ndiyo anayoiona, na nyingine kama hiyo imejitokeza ndani. Ikikatika inaelea kwenye oili hadi kwenye chujio la pampu ndani ya sampu, na chujio likiziba injini inakufa kwa kiu huku dipstiki inasema oili ipo.

Kufunga: nati zote kwa vidole kwanza, halafu anzia katikati ukienda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, kidogo kidogo. Kipimo soma kwenye kitabu cha injini yako. Nyingi za hivi ziko kati ya Nm (newton-mita) 6 na 10, ambayo ni kidogo mno, racheti fupi na mkono usio na hasira. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kubwa ya magurudumu haifai, huko chini haisomi sawasawa. Tafuta ndogo. Na angalia kitabu kimeandika kipimo gani. Vya Kimarekani vina paundi-futi na paundi-inchi, moja ya kwanza ni sawa na kumi na mbili za pili. 70 ya paundi-inchi ni kama Nm 8. Ukiisoma kuwa paundi-futi utavuta hadi Nm 95, na stadi itakatika mkononi kabla hujafika huko.

Ukishafunga, ipe silikoni muda ulioandikwa kwenye tyubu yake. Mimi huiacha ilale.

Hedi usiiguse. Hata sampu usiiguse kwa sasa.

Dereva_wa_97:

Mzee Namba_Kumi, shikamoo. Hii nimeichapisha kwenye karatasi. (Na jina lako nimelielewa, spana namba 10 hata mimi kila siku naitafuta.)

Maswali mawili tu. Sampu imelowa pande zote, kingo zake zinadondoka, hata mtu asiyejua magari anaona. Kweli niiache? Na huyu wa hedi ananitisha, anasema nisipoifungua sasa gasketi ya hedi itaungua njiani na injini yote itapotea. Nitajuaje kama anasema kweli?

Namba_Kumi:

Marahaba. Sampu ndiyo ya chini kuliko vyote, kwa hiyo inalowa kwa dhambi za kila aliye juu yake. Kausha juu kwanza, ioshe, uione kama italowa tena. Hayo mengine namwachia Fila_Geji, hedi amefungua nyingi kuliko mimi.

Fila_Geji:

Kaka, salama. Nianze na hedi maana ndiyo inayotisha watu.

Gasketi ya hedi ikiungua injini haikai kimya. Kulanti (maji ya kupoza injini) inapungua na huoni inakodondokea. Oili inageuka rojo la kahawia lililopauka, na si lile povu dogo chini ya kifuniko tu, hilo linaweza kuwa unyevu wa safari fupi za baridi. Namaanisha hata kwenye dipstiki. Mpira wa juu wa rejeta unakakamaa muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata moto wa kutosha. Mapovu yanapanda mfululizo kwenye rejeta. Moshi mweupe mzito nyuma ambao hauishi injini ikishapata joto. Ukipima kompresheni, silinda mbili zinazopakana ziko chini pamoja. Na kuna kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: hewa ya moto ya silinda ikipita humo, bluu inageuka njano. Kwa hicho huhitaji kubishana na mtu.

Ipo mara chache gasketi ya hedi kuvujisha oili kwa nje, kwenye kona ambako njia ya oili inapanda kwenda kwenye kamshafti. Lakini hapo utaona mstari unaanzia kwenye kiungo cha hedi na bloku, na juu yake pakavu. Wewe juu yake hakujakauka.

Kama dalili hizo huna, mtu asikufungulie hedi "tukiwa humo humo". Tapeti kava na hedi si nyumba moja. Kufungua hedi ni kutoa belti ya taimingi, manifoldi zote mbili, kumwaga kulanti, kulegeza boliti kwa mpangilio wa kutoka nje kuja ndani injini ikiwa baridi, halafu kuweka rula ya chuma iliyonyooka na kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Watengenezaji wengi wanaruhusu upindo wa kati ya milimita 0.05 na 0.10, ukizidi hapo hedi inakwenda kupigwa uso kwa mashine. Boliti za hedi za injini nyingi zinakazwa kwa nyuzi za pembe baada ya toki, zinavutika, na hizo hazirudiwi. Matundu yake kwenye bloku lazima yawe makavu: ukikaza boliti juu ya oili au maji yaliyonaswa chini, kimiminika hakibanwi, bloku inapasuka. Nimeiona bloku hiyo, ufa umeanzia kwenye tundu la boliti ukashuka hadi kwenye njia ya maji, na kilichosababisha ni maji ya kuoshea ambayo hakuna aliyeyapuliza. Ni kazi inayofanyika nyumbani, sikatai, lakini ifanye ikiwa imekulazimu.

Sampu sasa. Ukishakausha juu na yenyewe ikalowa tena, utaishusha. Jua kwanza ni ya gasketi au ya silikoni tupu, kwa sababu sampu nyingi hazikutoka kiwandani na gasketi. Gari likae kwenye stendi, sehemu ngumu na tambarare, jeki pekee haitoshi hata kwa dakika moja ukiwa chini. Mwaga oili, na angalia kama bomba la ekzosi linapita chini ya sampu, maana hilo nalo litatoka, na nati zake zimeoka miaka yote hiyo. Ziloweshe dawa ya kutu usiku uliotangulia.

Ikishatoka, usikimbilie gasketi. Igeuze, itazame ukingo kwa kuulaza mbele ya jicho. Kila tundu la boliti litakuwa limevutwa, limefanya kilima kidogo, kwa sababu kuna aliyeona inavuja akakaza, ikavuja tena akakaza tena. Gasketi juu ya vilima hivyo inabanwa kwenye boliti tu na katikati inapumua. Weka ukingo juu ya ubao mgumu ulionyooka, gonga kila tundu kwa nyundo taratibu hadi ukingo wote ulale. Hii ndiyo kazi yenyewe. Watu wanabadilisha gasketi ya sampu mara kwa mara na hawajawahi kuugusa huo ukingo.

Kama ni ya silikoni, mstari wa milimita 3 hadi 5, usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti. Pandisha sampu ikiwa bado mbichi, mara moja, usiitelezeshe huku na huku. Boliti kwa mkono, kisha toki ya kitabu. Oili mpya subiri silikoni iive. Na kizibo cha kumwagia oili kipe washa (ile pete bapa) mpya, nimeona watu wanashusha sampu kwa ajili ya washa.

Kimya_Kimya:

Naongeza moja tu. Kabla hujamlaumu yeyote wa injini, chovya kidole kwenye lile tone la chini ulinuse. Oili ya gia za mkono inanuka kiberiti, harufu kali inayokaa mkononi. Ikinuka hivyo inayovuja ni gia boksi. Kwa wa gia otomatiki, nyekundu au iliyowahi kuwa nyekundu.

Pita_Njia:

Sawa wakuu nimekubali ya nati. Na ile dawa ya kuzuia kuvuja je, nayo mnaikataa?

Namba_Kumi:

Zile dawa zinalainisha na kuvimbisha raba. Sili ya krenki iliyokakamaa inaweza kunywea ikapunguza, na kwa mtu ambaye hawezi kushusha gia boksi mwezi huu siwezi kumcheka. Gasketi ya koki (ile ya vizibo vya chupa), ya karatasi, au ya raba iliyokwishakatika, haina cha kuvimbisha hapo. Usimwage halafu ukasahau dipstiki.

Dereva_wa_97:

Wakuu, nimerudi na majibu.

Tone halikunuka kiberiti. Nikaosha, nikaendesha, nikapiga poda. Mstari wa kwanza ukaanzia kona ya nyuma ya kava upande wa ekzosi, ukashuka moja kwa moja juu ya manifoldi. Wa pili ukaanzia chini ya distributa. Sehemu ya mbele, kwenye sili za kamshafti, pakavu.

Valvu ya PCV nilipoitikisa ilikuwa bubu. Mpira wake umejaa tope jeusi, nikaukata nikaona tundu limebaki dogo la kupitisha msumari. Nimeweka vyote vipya kabla ya kufungua kitu. Karatasi sasa inavutwa mdomoni, zamani ilikuwa inacheza juu juu.

Gasketi ya kava ilitoka vipande vipande kama mlivyosema. Kwenye mfereji upande wa nyuma palikuwa na silikoni ya zamani ya rangi ya chungwa, ngumu, tabaka juu ya tabaka. Hiyo peke yake imekula muda kuliko kazi nyingine yote. Sili za mirija zote nne mpya, viraba vya nati vipya. Kofia ya waya wa plagi ya tatu ilikuwa imelainika hadi unaweza kuifinya, nimebadili seti ya waya. Kumisi kumeisha siku hiyo hiyo. Kitabu changu kinasema Nm 6, mkononi unaona kama hujakaza kitu.

Oringi ya distributa ilikuwa bapa, pande zote mbili zimelala. Imebadilika.

Vitu viwili vinanisumbua. Moshi wa kwenye ekzosi bado upo, japo umepungua. Na sampu nimeifuta, leo kuna ukungu mwembamba wa oili upande mmoja, haujafanya tone.

Fila_Geji:

Huo moshi ni oili iliyokwishaingia kwenye joto la manifoldi na chini ya kinga yake ya bati. Mara nyingi itaungua yenyewe kwa safari kadhaa ndefu. Kama kinga inafunguka kirahisi, ifungue ufute chini yake, maana huko nimeshakuta tambara limesahaulika limelowa oili, na tambara karibu na ekzosi ni moto. Hesabu yako ya vitambaa ilitimia?

Dereva_wa_97:

Ilitimia dada, vyote vimetoka. Kinga nitaifungua Jumamosi.

Namba_Kumi:

Kazi nzuri. Kava usiirudie kuikaza, raba ya Nm 6 ikikazwa tena "kwa usalama" ndiyo inavyoanza upya. Ukungu wa sampu ufute na upige poda upande huo tu. Kiungo cha gia boksi kikibaki kikavu hadi oili ijayo, ile sili ya krenki uliyotishiwa haikuwahi kuvuja. Na ukungu ukibaki ukungu, sampu isubiri siku utakayomwaga oili, uishushe kwa mara moja. Siku hiyo, ukitoa filta, hakikisha raba yake imetoka nayo. Ikibaki imeng'ang'ania kwenye bloku na ukafunga mpya juu yake, utamwaga oili yote kwa dakika chache, na hapo hutahitaji poda kuiona.